Momella: Nyumba, Filamu na Ardhi ya Wameru

Ukitoka Arusha mjini unashika barabara ya Moshi, unapita Tengeru, na ukifika Usa River unakata kushoto kuelekea ubavu wa mashariki wa Mlima Meru. Kwenye geti la Ngongongare unaingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Barabara hiyo hiyo inaipasua hifadhi hadi geti la Momella, kisha inaendelea Ngare Nanyuki. Ni barabara ya wote. Watalii wanasimamisha magari yao kupiga picha za twiga, na pembeni yao inapita gari ya abiria iliyojaa watu wanaotoka sokoni, matenga ya nyanya yamefungwa juu kwa kamba, na hakuna abiria anayegeuza shingo kumtazama twiga.

Nje kidogo ya hifadhi, mbele ya bonde la majani na maji ambalo nyati na twiga hulijia kila siku, ipo nyumba ambayo sasa ni hoteli ndogo ya wageni, Hatari Lodge. Mlima Meru, wenye mita 4,566, uko nyuma yake. Mbele, kukiwa hakuna mawingu, Kilimanjaro inaonekana yote. Vyumba ni vichache. Samani na mapambo yamechaguliwa kwa makusudi yafanane na miaka ya 1960 na 1970, na jioni, baridi ya Momella inapoanza kuuma, wageni hukaa karibu na moto na kusimuliwa habari za John Wayne na za mwigizaji wa Kijerumani aliyeipenda nchi hii akahamia. Masimulizi hayo ni ya kweli na ni matamu. Lakini mahali hapa pana historia ndefu kuliko filamu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitendeka umbali mfupi tu kutoka baraza ya nyumba hii.

Wazungu walianza kuyaona maziwa ya Momella mwishoni mwa karne ya 19. Count Teleki, Mhungaria aliyekuwa safarini kwenda kaskazini, alipita sehemu za Meru mwaka 1887. Miaka 9 baadaye, Oktoba 1896, wamishenari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri walipokuwa wanataka kufungua kituo cha misheni. Serikali ya Kijerumani ilijibu kwa nguvu kupita kiasi. Kapteni Kurt Johannes alipanda kutoka Moshi na askari wake na wapiganaji wa Kichaga. Migomba ikafyekwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wengi wakafa. Machi 2, 1900, Wajerumani waliwanyonga Moshi viongozi 19 kwa siku moja. Mangi Meli wa Wachaga anakumbukwa zaidi kuliko wengine, lakini katika kundi hilo walikuwemo pia viongozi kutoka Meru na Arusha. Katika kipindi hicho hicho boma la Arusha lilikuwa linajengwa kwa nguvu za watu waliokwisha kushindwa vitani. Leo jengo hilo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na watoto wa shule huingia humo kwa foleni.

Baada ya boma yakaja mashamba. Miaka ya 1904 na 1905 walifika Makaburu kutoka Afrika Kusini, wakiwa wameshindwa na Waingereza katika vita vyao, na serikali ikawapimia ardhi kuuzunguka Meru. Wakafuata walowezi wa Kijerumani. Ndani ya miaka michache mashamba ya wageni yalikuwa yameuzunguka mlima kama pete, Wameru na Waarusha wakabaki juu penye migomba, na njia yao ya kwenda kwenye malisho ya tambarare ikakatwa. Kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa 1898, ililazimisha vijana kutafuta rupia, na rupia zilikuwa shambani kwa mzungu. Hivyo ndivyo nguvu kazi ilivyopatikana. Mawe ya kuta, mbao za paa, mifereji ya maji, barabara ya kupitisha mikokoteni: vyote vilipita mikononi mwa watu waliokuwa wanatafuta fedha ya kodi.

Katika wimbi hilo, mwaka 1907, walifika Ulrich Trappe na mkewe Margarete. Margarete alizaliwa Silesia mwaka 1884, akakua na farasi. Walipanda kutoka pwani, sehemu kubwa ya safari wakitumia mikokoteni ya maksai, wakaanza maisha Ngongongare na kufuga ng'ombe Momella. Mume huyo baadaye aliondoka. Aliyebaki katika kumbukumbu za watu ni mke. Alipanda farasi, alifuga mbwa, alitibu wagonjwa, na Wamaasai walimwita Yeyo, yaani mama, jina ambalo mgeni hapewi hivi hivi. Alijulikana zaidi kwa bunduki. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kuufanya uwindaji kuwa kazi ya kulipwa, akiwaongoza matajiri kutoka Ulaya waliokuja kutafuta pembe na ngozi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alilisaidia jeshi la Kijerumani la kamanda Lettow-Vorbeck. Machi 1916 Waingereza waliiteka Arusha, na vita vilipokwisha Wajerumani wa Tanganyika walifukuzwa, yeye akiwa mmojawapo. Kuanzia 1925 Waingereza waliwaruhusu kurudi, naye akarudi kwenye mlima ule ule na kuanza upya. Hapo ndipo anaponivutia kama mwandishi wa historia, maana ukaidi wa namna hiyo hauonekani mara nyingi. Tena mwanamke huyu aliyeishi kwa kuua wanyama ndiye aliyetenga kwa hiari yake sehemu kubwa ya Momella iwe mahali ambapo hawawindwi. Mbegu ya hifadhi ya leo ilipandwa hapo. Alifariki 1957, na mwaka huo huo kikatoka Ujerumani kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na Gerd von Lettow-Vorbeck. Walioishi jirani na shamba walisimulia kwamba usiku wa kifo chake tembo walikuja wakasimama karibu na nyumba. Hadithi hiyo bado inasimuliwa Momella. Mimi naichukua kama heshima ambayo watu walimpa.

Sasa twende Ngare Nanyuki, kaskazini ya Momella, mahali ambapo msimulizi wa hoteli kwa kawaida hafiki.

Baada ya Vita vya Pili, serikali ya Kiingereza ilimtuma Jaji Mark Wilson kuchunguza msongamano wa ardhi Arusha na Moshi. Ripoti yake ya 1947 ilikubali kwamba Wameru wamebanwa, kisha ikapendekeza dawa ya ajabu: upande wa kaskazini mashariki wa mlima uachiwe Wazungu wafuge ng'ombe wa maziwa na wa nyama katika mashamba 13 yaliyoshikana, na Wameru walioko huko wahamie Kingori, chini zaidi, penye joto na magonjwa ya mifugo. Wameru walikataa. Walikataa kwenye mikutano, walikataa kwa barua, walikataa fidia. Novemba 1951 wakaja polisi. Watu wapatao 3,000 waliondolewa Ngare Nanyuki katika wiki chache. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa kwenda Kingori, na mingi ikafia huko.

Nataka msomaji akae kidogo na jambo hili la kuchomwa nyumba. Nyumba ya Mmeru ya wakati ule ilijengwa kwa miti na udongo, ikaezekwa kwa nyasi au majani ya migomba, na ndani yake palikuwa na sehemu ya watu na sehemu ya mifugo. Moto ukishika, saa moja inatosha. Hakibaki kitu cha kukarabati. Nyumba ya mawe ya mlowezi inaweza kutelekezwa miaka 20, popo wakaingia, bati likaliwa na kutu, na bado akaja mtu mwenye fedha akaitengeneza, akaweka umeme na kitanda kizuri. Ndiyo maana ukitembea leo kuuzunguka Meru, ukaona nyumba za zamani zilizogeuzwa hoteli kuanzia Usa River mpaka Momella, karibu zote ni za upande mmoja wa historia. Nyumba za upande wa pili zilijengwa kwa vitu vinavyorudi ardhini, na nyingine zilisaidiwa kurudi kwa kiberiti cha serikali.

Wameru hawakuishia kwenye kulia. Walichangishana fedha, mia kwa mia, ng'ombe kwa ng'ombe, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet New York pamoja na wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa anafanya kazi Moshi. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo wenye nchi walikuwa na haki ya kulalamika huko. Kirilo akawa Mtanganyika wa kwanza kusimama mbele ya umoja huo mjini New York na kusema kwa niaba ya watu wake. Azimio la kuwaunga mkono lilishindwa kupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Ardhi haikurudishwa wakati huo, lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchini kueleza yaliyotokea, na watu wa majimbo mengine wakatambua kwamba jambo la Meru lingeweza kuwakuta nao. Chama cha TANU kilizaliwa Julai 7, 1954, na Machi 1955 Mwalimu Nyerere naye akasimama New York, katika njia iliyokwisha kukanyagwa na Mmeru. Mwaka 1967 Kirilo na Seaton walichapisha Nairobi kitabu chao kuhusu kesi hiyo, The Meru Land Case.

Mwaka 1960 serikali ilitangaza hifadhi ya taifa kwenye kreta ya Ngurdoto, kisha maziwa ya Momella yakaongezwa, na 1967 Mlima Meru ukaingizwa na jina likawa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Sehemu ya shamba la Trappe ikawa ndani ya hifadhi.

Mwishoni mwa 1960 ikaja Hollywood. Mwongozaji Howard Hawks alishusha Arusha kundi zima la waigizaji na mafundi, magari yaliyotengenezwa maalumu, na John Wayne, ambaye dunia ilimjua kama mpanda farasi wa Kimarekani. Filamu iliitwa Hatari!, neno letu lenyewe, na ilihusu watu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama ng'ambo. Kituo chao katika filamu kilikuwa Momella. Mkamataji wanyama Willy de Beer aliwafundisha, na kwenye picha za kumfukuza faru kwa lori, waigizaji wenyewe ndio wanaoonekana. Ndama wa tembo walikimbizwa kwenye mitaa ya Arusha mjini, na mzee wa Arusha akiiangalia filamu hiyo leo huisimamisha kila dakika kuonyesha duka la nani lilikuwa wapi. Muziki wake, kile kipande cha Henry Mancini cha matembezi ya mtoto wa tembo, umesikika hata na watu wasioijua filamu.

Ukiitazama sasa, kinachoumiza ni faru. Wanatokea kwa wingi, wanakimbia, wanagonga magari. Katika miaka iliyofuata majangili waliwamaliza faru wa Meru, na leo hifadhi haina hata mmoja. Hata namna ile ya kumfukuza mnyama kwa gari mpaka achoke haitumiki tena. Siku hizi daktari wa wanyamapori hutumia sindano ya usingizi. Ukizingatia wakati, jambo jingine linaonekana. Kamera zilipokuwa zinazunguka, Nyerere alikuwa tayari Waziri Kiongozi, na uhuru ulikuwa umebakiza kama mwaka mmoja tu. Filamu iliingia majumba ya sinema 1962, wakati Tanganyika ni nchi huru tangu Desemba 9, 1961. Katika filamu Mwafrika anaendesha, anabeba, anapika. Hana neno lolote la kuamua. Watu waliokodiwa kubeba vyombo vya filamu walikuwa wapiga kura wa nchi inayozaliwa.

Mmoja wa waigizaji hakutaka kuondoka. Hardy Krüger alizaliwa Berlin mwaka 1928, akasomeshwa katika shule ya chama cha Hitler, na akiwa na miaka 16 akaingizwa jeshini katika miezi ya mwisho ya vita. Alitoroka. Maisha yake yote yaliyobaki aliuchukia Unazi na kuwasemea vijana wasirudie. Alipofika Momella alinunua shamba, na akiwa na mwenzake Jim Mallory wakajenga nyumba na hoteli ya wageni. Alikuwa anakwenda Ulaya na Marekani kuigiza, kisha anarudi kufuga ng'ombe chini ya Meru. Mwaka 1970 alichapisha kitabu kwa Kijerumani kuhusu maisha yake ya shambani, na Wajerumani wengi wanaokuja Arusha leo waliisikia kwanza kutoka kwake.

Lakini nchi ilikuwa imekwisha kuchukua njia yake. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka nyumba ile, na njia kuu za uchumi zikawekwa mikononi mwa umma. Katika miaka ya 1970 Krüger aliondoka Tanzania. Watu humlilia kwa hilo, nami naelewa huzuni ya mtu kuacha nyumba aliyoijenga. Ila mtu yeyote wa Ngare Nanyuki aliyeona ya 1951 alikuwa na kipimo kingine cha maana ya kuiacha nyumba. Krüger alifariki California Januari 19, 2022, akiwa na miaka 93.

Nyumba ilichakaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtu na mkewe waliichukua, wakaitengeneza upya na kuipa jina la filamu. Walifanya kazi nzuri, nasema hivyo bila kusita. Kuikarabati nyumba ya zamani ni kazi ngumu kuliko kujenga mpya: ukuta wa mawe uliokunywa maji miaka mingi hauwezi kupigwa plasta haraka, mbao zilizoliwa na mchwa lazima zitolewe moja moja, na fundi anatakiwa kujua lini aache kasoro ibaki kwa sababu ndiyo umri wa nyumba. Vijana wa Meru wamepata kazi hapo kama wapishi, waongozaji na mafundi. Ningechukia kuiona ikibomolewa ijengwe ghorofa la vioo.

Ninachodai ni masimulizi kamili. Na hili haliwezi kusemwa kuwa ni jambo la Afrika tu. Watu wa miji ya Uingereza huenda likizo kwenye pwani ya kaskazini ya Uskoti, wakakodi nyumba ndogo za mawe zilizokarabatiwa, zenye moto ndani na bahari ya baridi nje. Sehemu nyingi za pwani hiyo zina habari kama ya kwetu. Katika bonde la Strathnaver, jimbo la Sutherland, mwaka 1814 na tena 1819, wakulima walifukuzwa ili ardhi iwe ya kondoo wa mwenye mali. Mapaa yalichomwa moto, watu wakasukumwa pwani kwenye vishamba vya mawe wakajifunze uvuvi. Msimamizi wa ufukuzaji wa 1814, Patrick Sellar, alishtakiwa 1816 na akaachiwa. Hata David Livingstone, ambaye vitabu vyetu vya shule vilimtaja sana, ukoo wake ulitoka kisiwa cha Ulva, na kisiwa hicho nacho kilikuja kuondolewa watu katika karne ya 19.

Tofauti ni kwamba huko mgeni anaambiwa. Bettyhill, kwenye pwani hiyo, kanisa la zamani limegeuzwa makumbusho ya Strathnaver, na ukipanda bondeni unakuta vibao vinavyoonyesha vilipokuwa vijiji, pamoja na misingi ya mawe ya nyumba za Rosal. Mtu anayelala kwenye nyumba nzuri ya pwani anaweza asubuhi kwenda kusimama palipochomwa. Likizo yake haiharibiki. Anarudi akiwa anaelewa kwa nini bonde zuri namna ile halina mtu.

Ngare Nanyuki ni kata ya Wilaya ya Meru sasa, Wameru wamerudi, wanalima nyanya na vitunguu kwa maji ya mto wenye floraidi nyingi, maji yale yale yaliyowaachia wazee na watoto meno ya kahawia na wengine mifupa iliyopinda. Mgeni wa Momella akivuka geti na kusogea mbele kidogo yuko huko. Hahitaji tiketi ya hifadhi wala gari lililo wazi juu. Anahitaji mwongozaji aliyeisoma kesi ya Meru kama alivyosoma majina ya ndege, na kitabu cha Kirilo na Seaton kikae kwenye rafu moja na cha Krüger, hapo hapo sebuleni.

Na kuna kazi isiyongoja. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 polisi walipofika Novemba 1951 sasa amepita 80. Wapo bado, Ngare Nanyuki, Kingori, Poli, Akeri, wanaokumbuka ng'ombe gani alikufa njiani na mama alibeba nini kichwani. Halmashauri, makumbusho ya boma na hoteli zinazoishi kwa historia ya mlima huu zinaweza kwa gharama ndogo kuwalipa vijana wachache wa Kimeru wakae na wazee hao, kwa Kimeru na Kiswahili, simu zikirekodi, mwaka huu na si mwakani.